Makande Bila Magadi

"Hans," Namelok alimwambia dalali, "siku ile ulipokuja kuchota maji ya kupima, koki hii uliifunguaje?"

Hans alikuwa ndiyo kwanza anarudisha simu mfukoni. Aliitazama koki ya bomba la kisima, akamtazama Namelok, akacheka kile kicheko cha madalali kinachotangulia kila jibu.

"Kwa mkono, afande. Kwani koki inafunguliwa na nini?"

Namelok Lesian alikuwa ameacha upelelezi wa polisi miaka kadhaa nyuma na sasa alipeleleza kwa kujitegemea mjini Arusha, lakini jina la afande lilikataa kumwacha. Wala yeye hakuiacha tabia yake ya kumuuliza mtu jambo ambalo jibu lake analo tayari. Alisogea pembeni ili Hans aione koki vizuri. Haikuwa na kishikio. Kilichobaki ni ncha ya chuma iliyotafunwa na plaizi. Muda mfupi kabla ya hapo, Hans akiwa getini anaongea na simu, mwenye nyumba alilazimika kwenda ndani kufuata plaizi ili amwonyeshe Namelok bomba. Yalitoka matone machache tu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na pampu haifanyi kazi. Mwenye nyumba huyo, Ezra, alisema kishikio kilivunjika tangu Pasaka, na maji ya kupima yalichukuliwa juzi juzi tu.

"Nionyeshe basi," Namelok alisema. "Ifungue kwa mkono."

Hans aliinama, akaishika ile ncha kwa vidole viwili, akaiachia. Haikusogea hata kidogo.

Nyumba ile ya Nduruma ilikuwa nzuri, hilo lisibishaniwe. Bati jekundu, baraza pana, migomba nyuma, na siku mawingu yakiwa na adabu Mlima Meru ulionekana wote hadi kileleni. Aika, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Olasiti, aliipenda siku ya kwanza alipoiona. Alimpa Namelok kazi ya kuichunguza kabla hajatia saini siku ya Ijumaa. Namelok alipekua umiliki, akazungumza na majirani, akatembea mipaka yote kwa miguu, na kila kitu kikawa safi. Kilichobaki kilikuwa kisima.

Hapo ndipo alipokwama. Majibu ya maabara aliyoyaleta Hans yalisema maji ni salama kabisa, tena hayana chumvichumvi yoyote ya maana. Aika alifurahi. Namelok alikunja uso. Maji yanayochimbwa chini ya Meru hupita kwenye miamba na majivu ya mlima wa moto, na yakifika juu huwa yamebeba madini mengi, mojawapo ni floraidi. Ikiwa kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yamejificha ndani ya ufizi, na akiendelea kuyanywa miaka na miaka hata mifupa hupinda. Aika alikuwa na binti ambaye bado hajatimiza miaka miwili, jina lake Nice. Alisema atachemsha maji. Namelok alimweleza kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini floraidi hubaki palepale ndani ya sufuria.

Yeye mwenyewe alikuwa shahidi wa jambo hilo kila alipofungua mdomo. Alikulia Kisongo, na meno yake yalikuwa na rangi ya chai kavu. Alipokwenda chuo cha polisi, wenzake wa pwani walimuuliza kama alianza kuvuta sigara tumboni mwa mama yake. Alicheka nao, maana kwao Kisongo meno meupe ndiyo yaliyokuwa ya kushangaza.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipomwona Ezra akitabasamu getini na meno yenye rangi ileile, alidhani tayari amepata jibu. Lakini hakufika mbali. Ezra alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, na kisima kilichimbwa wakati binti yake mkubwa, Princess, anatambaa. Meno ya mtu hueleza maji aliyokunywa utotoni, hayaelezi anayokunywa leo. Ya Ezra yalitoa ushahidi kuhusu mfereji wa zamani ambao wazee walichota kabla ya kisima. Namelok akaulizia meno ya Princess. Ezra akajibu kwamba binti yuko shule ya bweni, na kwamba meno yake ni kama ya baba, kama ya babu, ni mambo ya ukoo. Namelok hakuweza kumbishia. Ukoo nao hufanana. Alihitaji maji yenyewe.

Sasa alimgeukia Hans, na sauti yake ikashuka chini.

"Mimi sina haja ya kukuharibia kazi. Nataka kujua tu nani aliijaza ile chupa."

Hans alimwaga mtama wote pale pale. Siku ile umeme ulikuwa umekatika kama leo. Mtu wa maabara alimwagiza aiache pampu ifanye kazi kwanza, ndipo akinge. Lakini kulikuwa na mteja anamsubiri mjini, na mteja wa nyumba ukimchelewesha anaingia mitini. Akaiacha chupa hapa nyumbani ijazwe umeme ukirudi, akaipitia jioni ikiwa imejaa na kufungwa vizuri. Akaona aibu kusema, basi akasema alichota mwenyewe.

"Ulimwachia nani? Ezra?"

"Ezra alikuwa mnadani na ng'ombe. Nilimwachia mama yake."

Ezra, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, alisikia yote. Uso ulimbadilika. Alitaka kujua kama anaitwa tapeli ndani ya boma lake mwenyewe, na kama kuna mtu anafikiri angeweka maji ya dukani ndani ya chupa ili amuuzie mama wa watu kisima kibovu. Alisema maneno makali kidogo. Namelok alimwacha ayamalize, kwa sababu mtu mwenye hatia kwa kawaida hupima maneno, na huyu hakupima hata moja. Alimkata Ezra kwenye orodha yake ya kichwani, akabaki na kikongwe mmoja.

Kikongwe huyo alitokea mlangoni wakati uleule. Aliitwa Agnela, mwembamba, amejitanda shuka, na shanga zake za shingoni amezivaa juu ya sweta. Namelok aliinamisha kichwa kidogo, akamwamkia kwa neno la kwao la kumwita mama.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Hizo kelele zina njaa. Ingieni mle kwanza."

Ukiambiwa hivyo kwa Waarusha, upelelezi husimama. Waliingia. Mke wa Ezra, Diana, alikuwa amempakata mtoto mchanga mwenye mashavu kama maandazi, na kwa mkono mmoja huohuo uliobaki alipakua makande. Mtoto aliitwa Solomoni. Diana alisema kwa fahari kwamba wiki hii anaanza uji, maana sasa kila mtu akila anamtolea macho.

Namelok alikuwa ametoka mjini bila hata chai. Makande yalikuwa yameiva mpaka mahindi yanalainika yenyewe mdomoni, maharage hayana hata ganda gumu, na maziwa mgando yamewekwa pembeni kwenye bakuli. Alikula kwa shukrani ya kweli, na alisema hivyo. Akamuuliza Diana anatia magadi kiasi gani, maana yeye hata aweke vipi maharage yake hugoma kulainika.

Diana alicheka.

"Hapa magadi hatununui kabisa, dada. Wageni wote wanashangaa. Maji yetu ya kisima yanaivisha yenyewe. Mwambie na huyo mama anayenunua, hilo nalo ni faida."

Kijiko cha Namelok kilibaki hewani.

Diana alikuwa ameyasifia maji yake kwa roho safi, kama mtu anavyomsifia ng'ombe wake wa maziwa. Lakini mwanamke yeyote anayepika kando ya Meru anajua kazi ya magadi kwenye maharage, na maji yanayofanya kazi ya magadi yana magadi ndani yake. Na kama yana magadi, hayawezi kuwa yale maji yaliyopimwa maabara ambayo hayakuwa na chumvichumvi yoyote.

Aliinua glasi ya maji aliyowekewa kando ya sahani, akanywa taratibu, akayazungusha mdomoni. Yalikuwa mepesi, hayana ladha ya chochote. Kisha akasimama, akaomba radhi, akaenda kwenye ndoo iliyokuwa karibu na jiko, ile ambayo Diana alikuwa amechotea maji ya kuongeza chunguni. Alichota kwa kikombe, akaonja. Ulimi ulikutana na uteleziutelezi na ladha ya jivu aliyoizoea tangu Kisongo. Nyumba moja, maji ya aina mbili.

Alirudi kwenye sahani yake. Alisubiri mpaka Ezra na Hans walipotoka kwenda barazani kuvutana kuhusu ile chupa, ndipo akasogeza kigoda karibu na Agnela.

"Yeyo, haya maji niliyopewa kwenye glasi, ni ya kisima?"

Bibi alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kumvunjia heshima.

"Ya kisima nikupe wewe? Wewe si mgeni?"

"Yanatoka wapi basi?"

Agnela alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya jiko, chini ya mteremko wa bati, kulikuwa na tanki dogo jeusi lenye kufuli. Ni ya mvua, alieleza. Huchemshwa na kupozwa, kisha hutunzwa kwa ajili ya wageni, padri akija kubariki nyumba, wazee wa ukoo, na mgonjwa. Watu wa nyumbani wakiyanywa hayamalizi mwezi. Ya kisima yana ladha mbaya, na mtu wa mjini akiyaonja hukunja uso, na mgeni akikunja uso nyumbani kwako hiyo ni aibu ya boma zima.

Namelok aliuliza polepole, akiwa tayari anajua.

"Na chupa ya Hans?"

"Alisema ni ya kupelekwa kwa wakubwa mjini, wayatazame," Agnela alijibu. "Sasa mwanangu, nipeleke yale kwa wakubwa? Niliwapa mazuri. Niliiosha na chupa yenyewe kwanza."

Miaka yake yote ya kazi Namelok alikuwa akiwasaka watu waliotoa kibovu wakasema ni kizuri. Huyu alikuwa ametoa kilicho bora alichokuwa nacho, akakifungia kwa kufuli ili hata wajukuu wake mwenyewe wasikiguse. Hakuna sheria aliyoijua ya kumkamata nayo. Alijikuta anaushika mkono wa bibi yule na kumshukuru, na Agnela akamtazama bila kuelewa anashukuriwa nini, maana alikuwa amempa glasi moja tu ya maji.

Umeme ulirudi kabla ya adhuhuri. Namelok hakumwachia mtu kazi ya kujaza chupa. Ezra alifungua koki kwa plaizi, na pampu ikaachwa ingurume muda mrefu, maji yaliyolala kwenye mabomba yakaishia kwenye migomba. Namelok alitumia chupa ya plastiki aliyopewa maabara, akaisuuza kwa maji yaleyale ya kisima, akaikinga ikajaa pomoni. Aliifunga, akazungushia karatasi ya gundi, na wote wakatia saini juu yake: yeye, Ezra na Hans. Hans alitia saini kubwa kuliko wote. Kisha chupa ikapanda gari mbele, kwenye miguu ya Namelok, na haikutoka machoni pake mpaka ilipopokelewa mezani maabara.

Majibu yalitoka siku moja kabla ya Ijumaa. Namelok aliyasoma akiwa amesimama, akampigia Aika, wakaenda Nduruma pamoja. Njiani Aika hakuuliza mengi. Alisema tu kwamba tayari alikuwa amemwambia Nice kuwa watafuga kuku.

Walikaa barazani. Ezra, Diana na mtoto, Agnela. Namelok hakuzunguka. Alisema floraidi ya kisima kile ni zaidi ya mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa. Kufua, kuoga na kuoshea vyombo hakuna shida, lakini mtoto anayeota meno asiyanywe wala asipikiwe nayo, na watu wazima nao, miaka ikipita, mifupa yao itadai.

Ezra alianza kusema kwamba labda mashine imekosea, mbona ile ya kwanza ilikuwa safi. Lilikuwa jambo la haki kuuliza. Nyumba ilikuwa inamponyoka mkononi, na mnunuzi amekaa mbele yake.

"Mashine haijakosea," Agnela alisema. "Ile chupa ya kwanza niliijaza mimi kutoka kwenye tanki langu. Mama Nice, maji uliyosomewa yalikuwa ya mvua."

Hakuna aliyemlazimisha. Namelok alikuwa amepanga kulisema yeye, kwa maneno laini, bila kutaja jina. Ezra alimgeukia mama yake mdomo wazi, na kwa muda ilionekana kama angefoka, lakini hakufoka. Aliishia kuutazama mlima.

Bibi alikuwa hajamaliza. Alimuuliza Namelok kama maji haya ndiyo yaliyoyafanya meno ya Princess yawe vile. Namelok akajibu kwamba ndivyo anavyoamini. Agnela akauliza tena kama siyo ukoo. Namelok akafungua mdomo, akamwonyesha ya kwake, akamwambia kwamba yeye na Ezra si ndugu, lakini meno yao yana rangi moja.

"Anaziba mdomo akicheka," Agnela alisema. "Princess. Kila akija likizo anacheka huku ameziba. Na mimi nilikuwa nikimwambia avumilie, ni sura ya babu yake."

Diana alikuwa ameanza kulia kimyakimya, na Solomoni alimpapasa mashavu akidhani ni mchezo. Mtoto yule hakuwa na jino hata moja. Alipofungua mdomo kucheka, ufizi wote ulionekana, mwekundu na mtupu. Aika alimtazama, na Namelok alimwona anavyomtazama.

Aika ndiye aliyenyanyuka. Alikwenda akapiga goti mbele ya bibi yule, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Alisema kwamba kesho angetia saini. Alisema mtoto wake angekunywa maji yale kila siku, naye angemchemshia akidhani anamlinda. Kisha akabaki anasema asante, asante mama, mpaka Agnela akamwinua kwa bega.

Ezra alivuta pumzi, akasema nyumba haiuzwi tena kwa sasa, hawezi kumuuzia mtu kitu anachojua ni kibovu. Aika alimjibu kwamba asikate tamaa, kwani bati lake ni pana na mvua za Nduruma hazijaisha. Aje dukani Olasiti achague mifereji ya kukingia mvua na tanki kubwa, malipo watayazungumza taratibu kama ndugu. Ezra alitikisa kichwa kukubali, akashukuru.

Hapo Agnela alikuwa amekwisha kuingia ndani. Walimsikia akiimwaga sufuria. Ulikuwa uji wa Solomoni, wa kwanza, ambao Diana alikuwa ameubandika asubuhi kwa maji ya kisima. Kisha wakamsikia akifungua kufuli la tanki.

Ndipo Hans alipofika. Alikuwa ameegesha pikipiki yake getini, vumbi limemtapakaa mpaka nyusi, na baada ya salamu za haraka alikwenda moja kwa moja jikoni, kama mtu aliyezoea kukirimiwa, akaomba glasi ya yale maji mazuri.

"Ya kwenye tanki ni ya mtoto," Agnela alimwambia. "Wewe meno yako yameshaota."

Akamchotea ya kisima. Hans alikunja uso, akameza, akasema asante.